Mama akizaa, nani anamulipa?

Hapa kwetu Mikelenge, dada wengi waliomaliza masomo wanaanza kupata kazi: mumoja kwenye ONG, mwingine kwenye shule, mwingine kwenye duka la dawa. Juu nilisoma sheria, wananiuliza: "Nikizaa, mushahara unaendelea ao unakatika?"

Unaendelea, lakini si wote, na si kwa kila mutu.

Sheria ya kazi (Code du travail) ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamupa mama ruhusa ya juma 14 mfululizo: 6 mbele ya kuzaa na 8 nyuma yake. Wakati huo ana haki ya theluthi mbili za mushahara, hata kama mutoto hakuishi. Patroni hawezi kuvunja kontra juu mama amezaa. Akirudi kazini, anapata nusu saa mara mbili kwa siku ya kunyonyesha, na inalipwa. Baba anapata siku 2 tu.

Tupige hesabu. Ukipata dola 300 kwa mwezi, theluthi mbili ni dola 200. Kwa juma 14 nyumba inakosa zaidi ya dola 300, na ni wakati ule matumizi inapanda. Anza kuweka akiba mapema. Ukiwa kwenye likelemba, omba zamu yako iangukie mwezi wa kuzaa.

Sasa, pesa inatoka wapi? Kama kila patroni angelipa peke yake, angeogopa kuandika wasichana. Ndiyo maana sheria namba 16/009 ya tarehe 15 Julai 2016 iliweka uzazi kati ya malipo ya CNSS. Patroni anatoa 6,5% kwa mufuko wa jamaa, bila kukata kwako, na mufuko unabeba muzigo wa wote.

Lakini mutego uko hapa: CNSS inamujua mwenye kuandikishwa tu. Ninamujua dada mumoja aliyetumika miaka miwili bila kontra ya maandishi. Mimba ilipofika miezi saba wakamwambia: "Pumuzika kwanza, tutakuita." Mpaka leo hawajamuita. Haki alikuwa nayo, ushahidi hakuwa nao. Na wenye kusaini kama "consultant" wanajikuta palepale, juu karatasi yao haiwahesabu kuwa wafanyakazi.

Kwa hiyo, mbele ya kusaini, uliza mambo matatu: kontra ya maandishi iko? Namba yangu ya CNSS ni gani? Kila mwezi nitapata karatasi ya mushahara? Ukipata mimba, peleka barua pamoja na cheti cha munganga, na ubakize kopi yenye accusé de réception. Wakikatala, nenda kwa Inspection du travail; mbele ya tribunali, ni pale mambo inaanzia.

Na nyinyi makaka, musiseme haya ni mambo ya wanawake. Ile dola 100 inayokosekana kila mwezi, munaikosa wote wawili.