Testa Inapowaka, na Inapowaka Mahali Pasipostahili

Testa ni bisibisi ndogo yenye mpini wa plastiki angavu, na ndani ya mpini huo mna taa ya neoni pamoja na kizuizi, yaani kipande kinachobana mkondo wa umeme hadi usiweze kumdhuru mtumiaji. Ncha inapogusa waya wenye umeme na kidole kikagusa chuma kilicho kwenye kichwa cha mpini, mkondo usiofika hata sehemu moja ya elfu ya ampea hupitia mwilini kuelekea ardhini, na neoni ikawaka. Kwa hiyo testa hujibu swali moja tu: je, waya huu una volti za kutosha kuwasha neoni, takriban 60 hadi 90 au zaidi, ukilinganishwa na ardhi?

Umeme wa nyumbani nchini Kenya ni wa volti 240, nao huingia kwa waya wa laivu na kurudi kwa waya wa nyutro, ilhali waya wa tatu, wenye rangi ya kijani na manjano, ni wa ardhi na kazi yake ni usalama. Katika soketi nzima testa huwaka kwenye laivu na kukaa kimya kwenye nyutro. Nyutro ikikatika kabla ya soketi, mambo hugeuka: redio haisemi, balbu haiwaki, lakini testa inawaka kwenye matundu yote mawili, kwa kuwa umeme wa laivu umepita ndani ya kifaa kilichoachwa kimewashwa, ukafika upande wa nyutro na kukosa njia ya kurudi. Wengi hubadilisha soketi hapo, na fedha hizo hupotea bure, kwani kasoro imo kwenye kiungo kilicholegea juu ya dari au ndani ya kisanduku cha saketi breka.

Kasoro hiyohiyo ni ya kutisha zaidi katika majengo ya kupangisha ya ghorofa nyingi, ambayo yameenea Ruiru na pia Makongeni, Thika. Jengo kubwa hupokea fezi tatu, yaani nyaya tatu za laivu zenye volti 415 baina ya mmoja na mwingine, wapangaji wakagawanywa miongoni mwa fezi hizo huku wote wakitegemea nyutro moja kuu. Nyutro kuu ikikatika, nyumba za fezi tofauti hujikuta zimeungana mfululizo: anayeoga kwa shawa ya umeme hushushiwa volti, na jirani mwenye friji na televisheni pekee hupandishiwa hadi vifaa vikaungua. Testa haiwezi kuonya, maana huwaka kwa volti 150 kama iwakavyo kwa 350. Kinachohitajika ni multimita, kifaa kinachoonyesha kiasi cha volti baina ya nyaya mbili. Na kabla hata ya kuitafuta, taa zinazong'aa kupita kiasi upande mmoja wa jengo na kufifia upande mwingine ni sababu tosha ya kuzima swichi kuu mara moja.

Testa hufichua pia uzembe wa wakati wa ujenzi. Ikiwaka kwenye kishikio cha balbu ilhali swichi ya ukutani imezimwa, yaelekea fundi aliunganisha swichi kwenye nyutro badala ya laivu, na anayebadilisha balbu hiyo yumo hatarini hata gizani.

Giza la testa nalo si uthibitisho. Neoni huweza kufa, mwanga wake humezwa na jua la mchana, na ngazi kavu ya mbao huupunguza. Kwa hiyo fundi makini huijaribu kwanza kwenye soketi anayojua ina umeme, hupima waya anaotaka kuushika, kisha huirudisha kwenye soketi ileile. Kwa utaratibu huohuo saketi za nyumba hutambuliwa: breka moja huzimwa, kila soketi na taa hupimwa, na zilizonyamaza huandikwa jina kando ya breka hiyo. Kufungua viungo vyenyewe ni kazi ya fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Kawi na Petroli, na hitilafu iliyo upande wa mita yenye lakiri huachiwa Kenya Power.