Nishati Jadidifu: Tuvielewe Vyanzo Kabla ya Kuomba Paneli

Tumekuwa tukipokea kutoka parokia za Mbeya na Iringa maombi ya kufungiwa umeme wa jua. Tunayafurahia, maana zahanati yenye taa usiku ni jambo kubwa kwa mama anayejifungua. Hata hivyo, maombi mengi hutaja idadi ya paneli bila kusema nani atanunua betri nyingine za kwanza zikifa. Ndiyo maana tumeona vema tulieleze suala hili tangu mwanzo, kwa faida ya kamati na ya wafadhili wetu.

Nishati jadidifu ni ile itokanayo na vyanzo vinavyojirudisha: jua, maji, upepo, mimea, samadi na joto la ardhini. Dizeli, mafuta ya taa na makaa ya mawe kama ya Kiwira yakishachomwa hayarudi. Na kuni je? Kuni ni jadidifu pale tu miti inapoota upesi kuliko inavyokatwa. Mwenye shamba la milingoti Mufindi anaweza kujisifu. Mkaa wa miombo ya asili ni habari nyingine.

Maji ndiyo utajiri wetu. Nguvu yake hutegemea mambo mawili, wingi wa maji na kimo yanakoporomoka. Lita 100 kwa sekunde zikishuka mita 10 hutoa kilowati 5 hivi, ukiondoa zinazopotea kwenye mitambo. Hizo zinatosha taa na friji ya chanjo, lakini si mashine kubwa ya kusaga. Huko Mwenga, Mufindi, mtambo wa megawati 4 umekuwa ukihudumia vijiji tangu 2012. Kamati inayofikiria mradi wa namna hiyo ipime mto mwezi Oktoba, siyo Machi! Ruaha Mkuu, unaopokea maji ya Usangu, umekuwa ukikatika kiangazi tangu miaka ya 1990, na mwaka 2006 ukame uliposhusha maji ya Mtera na mabwawa mengine, nchi iliingia katika mgao wa umeme.

Upepo nao umeanza kutumika Mufindi tangu 2020. Joto la ardhini, linalotafutwa karibu na Ziwa Ngozi, ni kazi ya Serikali, si ya parokia. Kwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa Rungwe tungependekeza biogesi: samadi ya ng'ombe wawili au watatu wa ndani hutosha jiko la familia, na masalia yake ni mbolea.

Turudi kwenye jua. Paneli hutumia mwanga, siyo joto, hivyo baridi ya Makete haiidhuru. Kwa kweli hufanya kazi vizuri zaidi ikiwa baridi. Kinachoipunguza nguvu ni ukungu, vumbi na kivuli cha mti. Paneli nzuri hudumu miaka 20 na zaidi. Betri za risasi na tindikali hazifiki huko, na hufa mapema zaidi zikimalizwa chaji mara kwa mara, kwa mfano mtu anapounganisha televisheni ya nyumba ya padri kwenye umeme wa zahanati.

Kwa hiyo, maombi yajayo yaambatane na orodha ya vifaa vitakavyotumia umeme na saa za matumizi, jina la mtunza mitambo, na kiasi kitakachowekwa akiba kila mwezi kwa ajili ya betri.