Mchanga Mweusi Mbele ya Karani wa Forodha

Gunia la mchanga mweusi likifunguliwa mbele ya karani wa forodha, halisemi jina lake. Mchanga huo waweza kuwa ilmenaiti, ambamo hutolewa titani. Waweza kuwa koltani ya Kivu au ya Rwanda, yenye tantalamu. Waweza pia kuwa wolframaiti, yenye tungsteni, au mbale ya bati. Yote ni meusi au ya hudhurungi iliyokoza, na yote ni mazito mkononi. Lakini kila aina ina nambari yake katika kitabu cha ushuru, na mwenye mali hulipa, au hasamehewi hata senti, kwa kufuata nambari hiyo wala si kwa kufuata rangi.

Nambari hizi si za Kenya peke yake. Mkataba wake ulifanywa Brussels mwaka 1983, ukaanza kutumika tarehe 1 Januari 1988, na nchi zilizouingia hutumia tarakimu sita za kwanza zile zile. Nchi za Afrika Mashariki huongeza mbili zao. Mbale, yaani mawe au mchanga wenye madini, zimewekwa katika Sura ya 26: bati ni 2609, tungsteni 2611, urani na thoriamu 2612, titani 2614, na 2615 ni niobiamu, tantalamu, vanadiamu na zirikoniamu.

Mfano wa karibu ni Kwale. Tangu mwishoni mwa mwaka 2013 hata Desemba 2024, kampuni ya Base Titanium ilichimba huko mchanga wa vilima na kuutenga kwa maji, sumaku na umeme, ikapata ilmenaiti, rutaili na zirikoni. Mchimbaji alikuwa mmoja. Hata hivyo, katika forodha ya nchi iliyoupokea mzigo huo, ilmenaiti na rutaili mahali pao ni 2614, na zirikoni ni 2615. Kutengwa kwa namna hiyo ni kazi ya kawaida ya wachimbaji, kwa hiyo hakuondoi jina la mbale. Lakini titani ikisha kugeuzwa kiwandani kuwa unga mweupe wa oksaidi, si mbale tena, bali ni kitu cha Sura ya 28. Hapo ndipo fedha huonekana: Umoja wa Ulaya hautozi ushuru mbale ya titani, lakini ushuru wa kawaida wa oksaidi yake ni 5.5 kwa mia.

Huko huko Kwale kuna kilima cha Mrima, ambamo wataalamu wa miamba walikuta niobiamu pamoja na zile metali ziitwazo za udongo adimu, kama seriamu, na neodimiamu itumiwayo katika sumaku zenye nguvu. Msomaji angedhani kwamba mawe yenye metali hizo, kwa kuwa ni adimu, yangekuwa ya kwanza katika sura ya mbale. Sivyo. Maelezo ya Sura ya 26 yasema kuwa mbale ni madini yatumiwayo kutolea zebaki, au metali za kifungu 2844 kama urani na thoriamu, au metali za Sehemu ya XIV na ya XV. Niobiamu imo katika Sehemu ya XV. Metali za udongo adimu hazimo; zenyewe zimeandikwa katika kifungu 2805, kati ya vitu vya kemia. Basi bastnesaiti, ambayo kila mchimbaji huiita mbale, kwa sheria si mbale, na hupelekwa 2530, pamoja na mawe na udongo uliokosa mahali pengine. Monazaiti nayo ina udongo adimu, lakini kwa kuwa ina thoriamu huwekwa 2612. Karani mgeni kazini aweza kusamehewa akikosea hapa. Mwenye mali hasamehewi upesi, maana thoriamu hutoa mionzi, na mzigo wake huhitaji ruhusa nyingine mbali na ile ya forodha.

Tena si kila ushuru hupimwa kwa thamani. Kiwango cha kawaida cha Marekani kwa mbale ya tungsteni ni senti 37.5 za dola kwa kila kilo ya tungsteni iliyomo, si kwa kilo ya gunia. Mtu aliyeandika “mchanga mweusi, tani 20” hajasema neno lolote la kumfaa karani. Yampasa alete cheti cha mkemia kionyeshacho kila metali na kiasi chake, na afadhali aombe uamuzi wa nambari kabla meli haijang'oa nanga.

Taabu kubwa ni gunia lenye tantalamu na bati pamoja, kama yalivyo mengi yatokayo Kivu. Kanuni yaagiza kutazama kile kinachoupa mzigo tabia yake hasa. Na kama hakijulikani, hushika kifungu kilicho cha mwisho kwa hesabu, yaani 2615. Karani hawezi kulijua hilo kwa macho. Hutwaa sampuli mbele ya mwenye mali, huitia chupani, huifunga kwa lakiri na kuipeleka kwa mkemia, na magunia husubiri ghalani, huku gharama za ghala zikihesabiwa kila siku.