Kutafuta namba tasa: usimame wapi?

Chukua 1961, mwaka wa uhuru wa Tanganyika, uutazame kama namba tu. Je, ni namba tasa? Ni witiri, kwa hiyo haigawanyiki kwa 2. Haiishii na 5 wala 0. Tarakimu zake zikijumlishwa tunapata 17, ambayo haigawanyiki kwa 3. Wengi huishia hapo na kuandika "tasa". Lakini 37 mara 53 ni 1961.

Namba tasa ina vigawo viwili tu, 1 na yenyewe (1 ina kigawo kimoja, ndiyo maana haimo). Kuthibitisha utasa ni kuonyesha kwamba kigawo cha tatu hakipo. Basi tugawanye mpaka lini? Mpaka 1960? Jibu lake ni zuri mno, na inaniuma kwamba mara nyingi watoto hulikariri kama kanuni bila kuambiwa sababu.

Vigawo huja viwiliviwili. Vya 36 ni 1 na 36, 2 na 18, 3 na 12, 4 na 9, kisha 6 na 6. Kimoja kikipanda, mwenzake hushuka, hadi vikutane kwenye kipeuo cha pili. Ukiendelea mbele ya hapo hupati kipya: 9 ulishaiandika ulipoandika 4. Kipeuo cha pili cha 1961 ni 44 na kidogo. Kama ina vigawo vingine, kilicho kidogo katika kila jozi hakiwezi kuzidi 44. Tena hakuna haja ya kujaribu 6 au 15, kwa kuwa namba isiyogawanyika kwa 3 haiwezi kugawanyika kwa hizo. Zinabaki namba tasa kuanzia 2 hadi 43, nazo ni 14 tu.

Mwaka 1961 unakubali kwa 37, namba ya kumi na mbili katika orodha hiyo. Mwaka 1963, wa uhuru wa Kenya, unakubali mapema: 13 mara 151. Lakini 2027 inazikataa zote 14. Hata 43 inaacha baki ya 6. Basi 2027 ni tasa, na hilo halina shaka tena. Usifupishe orodha: 2021 ni 43 mara 47, na aliyeishia 41 angeiita tasa.

Ule ujanja wa kujumlisha tarakimu nao una sababu. Elfu moja ni 999 na 1, mia ni 99 na 1, kumi ni 9 na 1. Ukitoa 999, 99 na 9 zote zilizomo ndani ya 1961, ambazo zinagawanyika kwa 3 bila shida, kinachobaki ni 1 + 9 + 6 + 1. Swali lote limehamia kwenye 17.

Eratosthenes, Mgiriki mzaliwa wa Cyrene katika Libya ya leo, aliyesimamia maktaba ya Alexandria huko Misri katika karne ya 3 KK, anatajwa kwa njia isiyohitaji kugawanya kabisa. Andika 2 hadi 100. Bakiza 2, ufute vigawe vyake vingine: 4, 6, 8 na kuendelea. Fanya hivyo kwa 3, 5 na 7, kisha acha, kwa sababu 11 mara 11 ni 121, nje ya orodha. Zitabaki namba 25, zote tasa.

Kwa namba kubwa mambo hubadilika. Zidisha 2 kwa yenyewe hadi ziwe 67, utoe 1: unapata namba ya tarakimu 21. Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alithibitisha kwamba si tasa, bila kupata hata kigawo chake kimoja. Vigawo vilisubiri hadi 1903, Mmarekani Frank Nelson Cole alipowaonyesha wanahisabati wenzake kwamba ni 193,707,721 mara 761,838,257,287. Kujua kwamba namba si tasa ni kazi moja, kuvijua vigawo vyake ni nyingine. Kompyuta za leo huimaliza ya kwanza haraka hata kwa namba yenye mamia ya tarakimu. Ya pili bado inazishinda, na juu ya ugumu huo ndipo Rivest, Shamir na Adleman walipojenga mwaka 1977 mfumo wa RSA wa kuficha ujumbe: zao la namba tasa mbili ndefu huwekwa hadharani, namba zenyewe zikabaki siri.