Sebule ya Kipwani kwa Mshahara wa Mwalimu

Mshahara wa mwalimu haununui kiti cha enzi. Mimi na mke wangu, tulipoazimia kuipa sebule yetu sura ya Lamu, tuliviacha pia vidaka (Waamu huviita zidaka), maana hujengwa kwa chokaa ukutani, nasi ni wapangaji. Ukabaki mkeka. Mke wangu aliutaka wa plastiki, ufutikao kwa kitambaa; hoja nzito hiyo penye watoto. Nami nikashikilia wa ukindu. Hatimaye tulinunua wa ukindu, rangi akachagua yeye. Sasa wanafunzi watutembeleao wakiniuliza ukili ni nini, huwaonyesha mshono sakafuni: ukindu ni jani, ukili ni utepe uliosukwa, na kili zikishonwa pamoja ndipo huwa mkeka. Kwenye plastiki ningewaonyesha nini?