Binti Akichagua Maabara Badala ya Udaktari

Matokeo ya Kidato cha Sita yanapotoka, nyumba nyingi huingia katika mashauri mazito. Baba anataka binti awe daktari. Shangazi anapendekeza ualimu, kwa kuwa mwalimu hakosi likizo. Binti mwenyewe, aliyesoma mchepuo wa Fizikia, Kemia na Biolojia, anasema kwa sauti ya chini kwamba angependa kwenda chuo kikuu kusomea sayansi ya maabara za tiba, au uhandisi wa vifaa tiba. Wazee wanatazamana. "Yaani miaka yote hiyo ya shule ili ukapime watu mkojo?"

Akina mama wenzetu, swali la namna hiyo limewavunja moyo wasichana wengi wenye akili. Mara nyingi anayeliuliza hana ubaya, hajaelezwa tu. Kwa hiyo mwezi huu tumeona vema tueleze masomo haya ni yapi, yanamhitaji mtoto wa namna gani, na mama anaweza kusaidiaje.

KAZI ILIYOTUGUSA SOTE

Mama aliyehudhuria kliniki ya wajawazito amekwisha kukutana na watu wa maabara, hata kama hakuwauliza majina. Walimtoa damu kidogo, wakampa kikopo cha mkojo, kisha akakaa kwenye benchi kusubiri majibu. Nyuma ya mlango ule walikuwa wakitafuta mambo mengi: wingi wa damu, kundi la damu, kaswende, virusi vya UKIMWI, na protini katika mkojo. Protini hiyo ikiambatana na shinikizo la damu lililopanda, ni dalili ya hatari inayoweza kuishia katika kifafa cha mimba. Kaswende ikigunduliwa mapema, sindano ya penisilini humtibu mama na kumkinga mtoto aliye tumboni. Isipogunduliwa, mimba inaweza kuharibika, au mtoto akazaliwa mgonjwa, au akazaliwa amekufa.

Tuchukue pia suala la kuongezewa damu. Mwaka 1901 Karl Landsteiner, mtafiti wa mjini Vienna, alieleza kwamba damu za watu hugawanyika katika makundi, na kwamba zisizopatana zikichanganywa chembe zake hushikamana. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1930. Leo mama anapotokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, daktari huagiza damu, lakini anayehakikisha kwamba damu ile inapatana na ya mama yule ni mtaalamu wa maabara. Akikosea kundi, damu iliyokusudiwa kuokoa inaweza kuua.

WANASOMA NINI HUKO CHUONI?

Nchini Tanzania shahada ya maabara za tiba hufundishwa katika vyuo vikuu kadhaa. Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza mwaka 1963 kama shule ya udaktari, ikawa chuo kikuu kishiriki mwaka 1991, na chuo kikuu kamili mwaka 2007. Vyuo vya Bugando, Mwanza, na KCMC, Moshi, vimekua kando ya hospitali za rufaa zilizojengwa kwa juhudi za makanisa na kufunguliwa mwaka 1971.

Masomo huchukua miaka mitatu au minne, kufuatana na chuo na kozi. Mwanafunzi hujifunza habari za vijidudu na vimelea vya magonjwa, chembe za damu, kemia ya mwili, na jinsi mwili unavyojikinga. Hujifunza pia kukikagua kipimo chenyewe, maana mashine isiyorekebishwa hutoa majibu ya uongo. Yapo mafunzo ya vitendo hospitalini, na mhitimu hana budi kusajiliwa na baraza la taaluma yake kabla ya kuaminiwa na wagonjwa.

Tukitaka kuona uzito wa kazi hii, tutazame kipimo kimoja tulichokizoea, cha malaria kwa hadubini. Tone la damu hupakwa juu ya kioo, hukaushwa, kisha hutiwa rangi iitwayo Giemsa ili vimelea vionekane. Mtaalamu huinamia hadubini na kupitia kioo kile eneo baada ya eneo. Kabla ya kuandika kwamba hakuna vimelea, anatakiwa awe amepitia maeneo yasiyopungua 100. Sasa fikiria ni jioni, foleni bado ndefu, macho yamechoka, na hakuna msimamizi karibu. Akiishia eneo la 20 na kuandika "hakuna", nani atajua? Atakayeumia ni mtoto wako mwenye homa. Ndiyo maana masomo haya yanadai uaminifu sawasawa na akili. Binti aliyezoezwa nyumbani kumaliza kazi hata asipotazamwa, tayari ana sifa moja kubwa.

FUNDI WA MASHINE ZA HOSPITALI

Uhandisi wa vifaa tiba, ambao pia hufundishwa Muhimbili, ni fani iliyo jirani. Nani kati yetu hajawahi kuona mashine ya thamani imefunikwa shuka kwenye kona ya wodi kwa kukosa fundi?

Mtoto mchanga mwenye manjano huwekwa chini ya taa ya mwanga wa buluu. Mwanga huo huibadili ile rangi ya njano iliyozidi katika damu ili mwili uweze kuitoa. Lakini taa hizo huchakaa. Kwa macho yetu bado inawaka, kumbe nguvu yake ya kutibu imepungua, na mtoto analala chini yake bila nafuu. Mhandisi huipima kwa kifaa maalumu na kuibadilisha kwa wakati. Ndivyo ilivyo hata kwa mashine ya oksijeni, ambayo huvuta hewa ya kawaida, ikaondoa naitrojeni, ikatoa hewa yenye oksijeni nyingi. Isiposafishwa vichujio vyake, mtoto njiti hupungukiwa pumzi ilhali mashine inanguruma kama kawaida.

JE, YAPATANA NA NDOA?

Wengine huogopa kwamba sayansi nzito itamnyima binti nyumba na watoto. Kwa hao tunatoa mfano wa mama wa Kimarekani, Rosalyn Yalow, aliyezaliwa New York mwaka 1921. Wazazi wake hawakupata elimu ya sekondari. Alipenda Fizikia, lakini jamaa zake waliona afadhali awe mwalimu wa shule ya msingi. Akashikilia, akapata shahada ya uzamivu mwaka 1945. Akiwa na mume na watoto wawili, alishirikiana na Dakta Solomon Berson katika hospitali moja ya Bronx, wakavumbua njia ya kupima viasili vidogo mno katika damu, kama insulini. Hawakuchukua hataza ya uvumbuzi ule. Berson alifariki mwaka 1972. Mwaka 1977 mama Yalow alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba, akiwa mwanamke wa pili kuipata.

MAMA AFANYE NINI?

Kwanza, tuanze mapema. Msichana aliyeacha Fizikia na Kemia sekondari hawezi kuzirudia kirahisi. Akitaka uhandisi, Hisabati nayo haikwepeki.

Pili, tumpe muda. Binti akirudi shuleni, achote maji, apike, aoshe vyombo na kumbembeleza mdogo wake, huku kaka yake yuko mezani na daftari, tusishangae alama zao zikitofautiana. Kazi zigawanywe. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini huyu tumempa mizigo hata hawezi kuinama.

Tatu, tumwonyeshe kazi yenyewe. Katika kituo cha afya cha jirani yupo mtaalamu wa maabara. Tumwombe azungumze na binti, asimfiche kitu: kuna zamu za usiku, kuna hatari ya kujichoma sindano, na kuna haja ya kuchanjwa dhidi ya homa ya ini.

Nne, tupange fedha. Kabla ya kulipa chochote, tuhakikishe kozi inatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu. Bodi ya Mikopo, iliyoanza kazi mwaka 2005, huwasaidia wenye sifa, ila binti aelewe kwamba mkopo hurudishwa. Asiyefikisha alama za shahada anaweza kuanzia stashahada, kisha ajiendeleze. Ajira nayo huenda isimngoje siku ya mahafali, hivyo asitazame serikali peke yake. Zipo pia hospitali za makanisa, maabara binafsi na vituo vya utafiti.

Wala tusisubiri hadi Kidato cha Sita. Ukiwa na binti wa sekondari, mwulize wiki hii anaendeleaje na Fizikia, kisha umpunguzie kazi moja ya jioni ili apate kuisoma.