Uzi: Chuki ikisambaa mtandaoni, nani ajibu mahakamani?

1/ Kila kampeni zikikaribia, mjadala huu hurudi: mtu akichochea Facebook, ashtakiwe yeye peke yake ama na kampuni pia? Mimi ni wa Njoro. Waliokuwa huku mwanzo wa 2008 wanakumbuka vile SMS moja ya uvumi ingefanya watu wafunge virago usiku. Si stori ya mbali.

2/ Sheria inasemaje? Ile ya Uwiano na Utangamano ya 2008, iliyoanzisha NCIC, inamshika anayetoa matamshi ya chuki: faini hadi milioni 1, jela hadi miaka 3, ama zote mbili. Kifungu cha 62 pia kinabana gazeti au redio inayochapisha uchochezi. Facebook haijatajwa kwa jina. Hapo ndipo vuta nikuvute inaanzia.

3/ Julai 2022, Global Witness ilijaribu kulipia matangazo ya chuki kwa Kiingereza na Kiswahili. Facebook iliyapitisha! NCIC ikaipa Meta siku 7 ijirekebishe. Serikali nayo ikasema haifungi mtandao.

4/ Desemba 2022, Meta ilishtakiwa Nairobi. Mmoja wa walalamishi ni mwana wa profesa aliyeuawa Ethiopia mwaka wa 2021. Anasema aliripoti mapema machapisho yaliyomlenga babake. Mbona Nairobi? Wasimamizi wa maudhui ya eneo hili walikuwa wakifanyia kazi hapa. Meta ilisema mahakama zetu hazina mamlaka juu yake. Aprili 2025 Mahakama Kuu ikasema inayo. Angalia: hiyo si hatia. Ni ruhusa ya kesi kusikizwa.

5/ Kuna hofu ya haki pia. Kampuni ikibebeshwa kila neno la kila mtu, itafuta kila kitu, hata wewe ukilalamikia barabara mbovu.

6/ Kwa hivyo mimi napima kwa maswali matatu. Iliambiwa ikanyamaza? Ilikula pesa ya tangazo? Mitambo yake ndiyo iliyosukuma ujumbe kwa watu ambao hawakuutafuta? Jibu likiwa ndiyo, huo si ubao wa matangazo tena. Ni kama redio, na redio hujibu.

7/ Mgombea akija kwenu na "tufunge mtandao" ama "uhuru wa kusema", muulize hayo matatu. Kuzima mtandao kunatuadhibu sisi. Kesi inamfuata aliyefaidika.